Mwezi wa Idi na Macho Yangu Mapya

Junda, Kisauni,
Mombasa.
Idi Mosi, alasiri.

Mpendwa dada yangu Tumu,

Shikamoo, na salaam nyingi zikufikie huko Maskati. Waonaje hali? Mgongo wa shemeji Ishaka umetulia? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, na mimi ndiye mzima kupita wote, kama utakavyosoma.

Ile miwani yangu mizito sasa mke wangu Nadira ameitundika msumarini kama picha ya marehemu. Siivai tena!

Wakumbuka aibu ya mwaka jana. Nilipanda juu ya paa la Shangazi Mwanasaumu kutazama mwezi wa Idi, nikaona kitu king'aacho upande wa magharibi, nikapiga takbira mtaa mzima ukasikia. Shangazi akachinja kuku wake watatu papo hapo. Kumbe ilikuwa taa ya mnara wa simu kule Mikindani! Msikiti ukatangaza funga yaendelea. Kesho yake tukashinda na njaa, biriani lanukia uani, na aliyelila ni jirani yetu Justus peke yake, Mkristo wa watu kutoka bara. Tangu siku hiyo kila akiniona: "Ghalib, mwezi umeandama? Nilete sahani?"

Shangazi naye akanipiga marufuku nisitaje mwezi tena nyumbani kwake. Mwanamume mzima na ndevu zangu! Wallahi niliumia.

Ndipo nikaenda kwa daktari wa macho, mama mmoja aitwaye Maryanne. Akapima, akasema kioo cha mbele cha jicho langu ni chembamba, hakifai kukatwa kifuniko cha kufunuliwa leza ipite, kama wafanyiwavyo wengine. Kinachonifaa ni leza ya juu juu. Nawe waniandikia umeambiwa vivyo hivyo, na hujui uchague ipi kati ya aina zake tatu. Umemuuliza mwenyewe! Darasa la saba sikumaliza, lakini miaka kumi na tisa napaka magari rangi pale Magongo, na jicho, dada, ni boneti tu. Kabla ya kusawazisha chini, rangi ya juu lazima itoke.

Ile PRK, daktari aikwangua ngozi ya juu ya jicho kwa mkono, kisha leza yapiga msasa chini yake, na ngozi yaota upya yenyewe. LASEK, hutia spiriti ngozi ilegee, kama sisi tulegezavyo rangi kwa tina, akaisogeza kando, leza ikapita, kisha akairudisha mahali pake. Ya tatu, leza yenyewe hutoa ngozi na kusawazisha kwa mara moja, hakuna anayekwangua. Nikachukua hiyo, maana mimi hata Nadira akinitoa kibanzi jichoni napiga mateke.

Lakini sikudanganyi. Daktari alisema baada ya miezi kadhaa macho huona sawasawa kwa zote tatu, kwa hiyo msikilize anayekupima wewe, si mimi na maboneti yangu. Na maumivu yapo. Siku tatu nilitokwa na machozi kama mjane, mapazia yamefungwa, Nadira anitia matone huku akiniita bi harusi. Wiki kadhaa dunia ilikuwa ukungu, na karakana nilikatazwa kwa vumbi na mvuke wa rangi. Macho usiyafikiche, hata yakuwashe vipi!

Sasa jana. Tende bado i mdomoni, nikapanda paa. Nikauona, mwembamba kama ukucha uliokatwa. Sikupiga kelele, Tumu. Nilinyoosha kidole tu.

Shangazi kutoka uani: "We Ghalib! Huo si mnara?"

"Mnara uko kushoto, shangazi. Mwezi uko kulia. Vyote naviona, na kisu nakiona umeshakishika."

Mwanangu Hussam akapanda, akauona. Majirani wakauona. Msikiti ukatangaza. Shangazi akasema maneno mawili: "Chagua kuku."

Nikachagua jogoo.

Leo Justus amekuja na sahani yake kama kawaida. Amekuta foleni, na mbele kabisa nimesimama mimi. Lakini paja nimempa yeye.

Shangazi, Nadira na Hussam wakusalimu sana. Nasi twamsalimu shemeji. Mungu ayalinde macho yako, na mwakani uje tupande paa pamoja.

Ndimi nduguyo akupendaye, aonaye hata Mikindani,

Ghalib