Benchi la Wenye Kadi

Jumatano. Mvua inanyesha Makwale tangu alfajiri, na kakao imeanza kuota ukungu kwenye mikeka. Iote. Shule sikuiona, nasema, binti yangu anaandika, na nimemkataza kulainisha.

Juzi tumemzika Lusajo, mjukuu wangu. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza.

Pale kituo cha afya kuna mabenchi mawili. La wanaolipa taslimu, hao wanaingia kwa daktari wakifika tu. Na la sisi wa kadi ya bima, tunasubiri hadi wenzetu waishe. Wanasema hela ya kadi inachelewa kufika kituoni, ya mkononi inanunua dawa leo. Sawa. Lakini homa haikuulizi umelipaje.

Siku ile mzee wangu, babu yake Lusajo, alitangulia kupimwa presha, akakaa benchi la kadi. Tumpe, mke wa mwanangu Ambokile, akatokea shambani amembeba Lusajo mgongoni, jitoto zima, linawaka moto. Kwetu mke wa mwana hakai alipokaa baba mkwe, wala hapiti mbele ya uso wake. Ndiyo heshima tuliyolelewa. Basi akaenda kwenye lile benchi lingine. Lilikuwa tupu.

Dada wa mapokezi akamwambia, "Mama, unalipa?"

"Nina kadi, dada. Pale yupo mkwe wangu."

"Mkwe anang'ata? Hapa pa wanaolipa."

Watu wakacheka. Tumpe akaacha kadi mapokezi, akatoka, akasimama upenuni. Jina la mtoto likaitwa, mvua inapiga bati, hakusikia. Wakaita mwingine.

Degedege ilimshika mtoto pale pale upenuni. Mzee aliposikia kilio akavunja mwiko, akampokonya mkwewe mtoto, akaingia naye kwa daktari bila kuuliza zamu. Walihangaika naye. Ee Kyala, Mungu wetu, walihangaika kweli, siwasingizii.

Walikuwa wamechelewa.

Tangu msibani mzee anarudia neno moja: "Mama Ambokile, si ningetoka mimi nje?"

Natamani kumzaba kofi, natamani kumpakata kama mtoto.

Ndugu wananong'ona mbele ya Tumpe kwamba mila ndiyo imeua. Wakome. Mila ilimtoa kwenye benchi moja. Kwenye la pili alimtoa nani?

Matanga yakiisha nakwenda kituoni. Nitakaa benchi la wanaolipa, kadi yangu kifuani, waje waninyanyue.

Mimi ni mzito.