Ua la Mdogo Wako Limechanua, Mama

Mama mpendwa, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, na bado tukiingia nyumbani tunapunguza sauti mbele ya dirisha la sebuleni, kana kwamba umesimama pale na kopo lako la maji, ukichungulia chini ya majani.

Ulikuwa fundi wa miwani. Kutwa nzima ulisaga vioo vya macho ya watu, ukarudi na vumbi jeupe kwenye mikunjo ya vidole, na kabla hujavua viatu ulikuwa ushazisalimia hoya zako, ile mimea yako ya dirishani. "Hamjambo, wanangu?" Sisi uliotuzaa tukiitikia "Hatujambo," unatukata kauli: "Sijawauliza nyinyi." Baba alikutengenezea kichanja cha mbao kuzunguka dirisha lote ili zipate pa kutambaa, na ukikaa chini yake na chai yako ulikuwa mtu aliyeshiba.

Lakini sifa zako ulizisikia ukiwa hai, Mama, na ulizipenda. Leo tunataka kukupa habari za mdogo wako.

Unajua vizuri alivyokulia nyuma yako. Gauni lake lilikuwa lako la mwaka jana, viatu vyake vilikuwa vyako vilivyotiwa pamba puani, na hata shuleni walimu walimwita "mdogo wake fulani." Alipohamia ghorofa ya juu yetu na jiko lake la keki za harusi, watu walisema ni chanda na pete. Yeye alisema ni kodi tu, huko juu ni nafuu.

Kisha hoya yako ya kwanza ikachanua. Vinyota vya rangi ya waridi, vimejipanga duara kama mwavuli mdogo, kila kimoja kinang'aa kama kimepakwa nta, na katikati ya kila nyota kuna nyota nyingine nyekundu. Majirani wakaja kuangalia. Mmoja akasema, "Hili si ua la kweli. Hili limetengenezwa na yule mdogo wako, ni sukari!"

Alitania, lakini Mama Mdogo alikuwa amesimama mlangoni, na maneno yale yalimwingia kama mwiba wa samaki. Yeye ndiye mwenye kutengeneza maua! Akapanda ngazi, akafunga mlango, na kesho yake akashuka na sinia. Juu yake kulikuwa na shada la sukari, nyota kwa nyota, hata wewe ulishika kifua. "Nilikwambia nini?" akasema. "Naweza kukutolea hata ndoo nzima."

Ukasema, "Mazuri. Sasa yanuse."

Kwa neno hilo moja ulimchoma, Mama. Akachukua sinia lake akaondoka. Jioni akarudi, eti anaazima chujio, akajipitisha dirishani na pua mbele. Ua lilikuwa linanukia kama sukari inayoungua kidogo tu sufuriani. Akakuomba kipande apande kwake.

Ulimpa jani moja. Jani nene, zuri, lenye umbo la moyo, kwenye kikombe cha udongo ulichokifunga utepe. Mama Mdogo alifurahi, Mama, tulimwona. Akaliweka karibu na jiko lake akawa analiimbia. Likatoa mizizi. Likakaa kijani. Mwaka ukapita, likabaki jani lile lile, halijaongeza hata kidole. Mpaka siku alipompelekea muuza miche wa pale barabarani, yule mzee akaligeuza na kucheka. "Bibi, hili halina pingili ya shina. Bila pingili halichipui. Litakaa hivi hivi mpaka uote mvi."

Alivyoshuka ngazi Mama Mdogo siku ile, mwalimu wetu wa familia, yaani dada mkubwa miongoni mwetu, aliacha kusahihisha madaftari akakimbilia chumbani.

"Dada, ulijua?" akakuuliza.

Ungeweza kudanganya. Baba alikutazama kwa macho ya kukuomba udanganye. Ukasema, "Nilijua."

"Umenipa moyo tasa ukaufunga utepe!"

"Ndiyo. Kwa sababu kila kilicho changu huishia kwako. Gauni nilikuachia. Kitanda nilikuachia nusu. Hawa watoto, hawa niliowazaa mwenyewe, wakitoka shule wanapita mlango wangu wanapanda moja kwa moja kwako kula keki, hata salamu naipata usiku. Nilitaka kimoja kibaki changu."

Maisha yake yote Mama Mdogo alidhani wivu ni wa kwake peke yake. Hakujua kama na wewe ulikuwa unausikiliza mlango wake ukifunguka na vicheko vyetu vikiingia ndani. Sisi wenyewe hatukujua, Mama. Tulijua keki tu.

Hamkusemeshana kwa miezi. Mkikutana ngazini mlipishana kama wapangaji wageni, mmoja anatazama ukuta, mwingine anatafuta funguo ambazo ziko mkononi. Baba alikuwa akisema, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," akaenda karakanani kwake akapiga randa mpaka mlipochoka kununa.

Na wa kwanza kuchoka ulikuwa wewe. Ulikata uzi mrefu wa shina kutoka ile hoya yako bora, utomvu mweupe ukadondoka mpaka kwenye kandambili, ukapanda nao juu. "Huu una pingili. Zitazame mwenyewe."

"Weka hapo," akasema, bila asante, huku akipiga mayai. Lakini ulipokuwa unashuka alikwambia, "Kesho nitawafundisha wanao kupita kwako kwanza." Na kweli, tangu siku ile hatukupewa hata kipande cha keki bila kuulizwa: "Mama yenu mmemsalimia?"

Uzi ule ukamea. Ukapanda dirisha lake, ukazunguka pazia, ukajaa majani ya kumeremeta. Lakini ua, hata moja. Huku chini zako zinachanua msimu baada ya msimu, na harufu, kwa shari yake, inapanda ngazi mpaka jikoni kwake. Ulimwambia, "Unaimwagilia mno. Hoya hupenda chungu kiibane na kiu kidogo." Akaenda kwa Baba akamnong'oneza, "Shemeji, mkeo anataka niiue kwa kiu."

Ulipougua, alishuka yeye kuzihudumia. Baba alikusogezea kitanda sebuleni, na wewe ukawa unatoa amri kutoka kwenye mto: "Hiyo usiimwagie, ionjeshe tu. Hiyo yenye vitumba usiisogeze hata kidogo, itavipukutisha." Siku moja ukamwonyesha vikonyo vilivyobaki vitupu baada ya maua kuanguka. "Na hivyo vijiti visivyo na majani, usije ukavikata. Ua jipya hurudi pale pale lilipotokea la zamani."

Mama Mdogo akakaa kwenye ukingo wa kitanda chako.

"Vijiti gani?"

"Hivyo vifupi, vilivyo wazi. Hata kabla ya ua la kwanza vinatangulia kutoka."

"Dada," akasema taratibu, "mimi huvikata. Naona vinaharibu umbo. Kila vikitoka, navisawazisha kwa mkasi wa keki."

Ulicheka mpaka ukakohoa, ukakohoa mpaka Baba akaja na maji. "Miaka yote hii," ulisema ukifuta machozi, "unakata maua yako kwa mkono wako mwenyewe na kunichukia mimi!"

"Na bado nakuchukia," akasema. Akakufuta mdomo kwa upindo wa kanga yake, akakaa nawe mpaka ukalala.

Haukupita muda ukaondoka. Msibani, Mama, mdogo wako alikuwa na wivu hata wa machozi. Yule mwenzako wa dukani, mpima macho, alilia kwa sauti kubwa kuliko yeye, na Mama Mdogo akatuuliza sikioni, "Huyu naye alikuwa nani yake?" Majirani walipoanza kuomba vipande vya hoya, "cha ukumbusho tu, mama," alijisimamisha mbele ya dirisha na mikono kiunoni. "Hakati mtu kitu hapa. Nani aliyekwambia wewe ulikuwa rafiki yake?" Ilibidi Baba amshike bega na kumwambia kwamba wewe mwenyewe, Mama, uliwagawia watu ukiwa mzima. "Mimi alinipa jani tasa," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Akarudi juu. Mkasi akaurudisha kwenye keki, maji akapunguza, chungu hakubadilisha. Hakumwambia mtu.

Mwezi uliopita, asubuhi, tulisikia miguu ikishuka ngazi mbiombio na mlango wetu ukigongwa kwa kiganja. "Dada! Dada, njoo uone! Njoo uumie!"

Baba alifungua. Alimkuta amesimama na unga usoni, mkono bado uko juu, mdomo bado uko wazi. Alivaa kandambili akapanda naye, nasi tukafuata. Dirishani kwake kulikuwa na shada moja, nyota zote zimefunguka, na tone la asali limening'inia kwenye nyota ya chini. Mama Mdogo alikuwa anatutazama sisi, si ua. "Nimwonyeshe nani sasa?" akasema. "Hebu niambieni. Nani ataumia?"

Baba akainama, akalitazama kwa jicho lile la kupimia mbao, akalizunguka, akanusa. Akasema, "La dada yako lilikuwa kubwa kidogo."

Mama Mdogo alimgeukia kwa hasira za kweli. "Kubwa wapi? Shemeji, kubwa wapi? Una macho wewe? Hili na lile lake la mwanzo, lipi lina nyota nyingi?" Wakabishana mpaka chai ikapoa, na ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke kumsikia akikutaja bila sauti kukatika. Hatimaye akafuta uso, unga na machozi pamoja, akasema, "Asante, shemeji."

Jana tulipokuwa tunaandika haya, tulimsomea Mama Mdogo orodha ya wanaokukumbuka, kwa mpangilio uliozoeleka: mume kwanza, kisha watoto, kisha ndugu. Alikataa katakata. "Nilipofumbua macho duniani nilimkuta tayari yupo," akasema. "Nyinyi wote mmemjua baada yangu. Niwekeni mbele." Baba amekubali.

Kwa hiyo unakumbukwa na mdogo wako wa tumbo moja, mpishi wa keki. Na nyuma yake mumeo, seremala. Wanao, mwalimu na fundi umeme. Wakweo na wajukuu zako.

Pumzika, Mama. Kukusahau hatuwezi.