Klachi ya Pikipiki ya Baba

Kaka yangu,

Hapa nyumbani tupo. Bati la jikoni limezibwa, na mama mdogo anakusalimu. Anasema kwenye picha uliyotuma umekonda kama ufito.

Ile pikipiki ya Baba, kongwe kutushinda sisi wawili, klachi yake iliganda kwa kukaa bila kuendeshwa. Nimeifungua mwenyewe, maana ulipoondoka ufundi uliniachia mimi. Pleti zilishikana kama zimepakwa ulimbo. Nikazibandua kwa kisu, nikazisugua, nikabadilisha oili na waya. Sasa naibana kwa vidole viwili tu vya mkono wa kushoto.

Baba akapanda, akaibana. Haikusogea.

"Bado imeganda," akasema. "Hujaiweza, mwanangu."

Nikamwita fundi wa mtaani. Akaibana mara moja, akacheka. "Dada, hii laini kama siagi! Nani kakudanganya..." Kisha akamwona Baba anauficha mkono wa kushoto mfukoni. "Ila kweli, mzee. Inakaza kidogo."

Tangu hapo, kila Jumamosi naifungua klachi isiyo na ubaya wowote, nasugua pleti safi, naifunga. Baba anajaribu, anatikisa kichwa. Hospitali hataki hata kuisikia. Anasema wewe ndiye utakayeiweza, na nimechoka, kaka, hadi natamani iwe kweli.

Ukipiga simu, usimuulize habari za mkono. Muulize klachi. Na ukimwambia unakuja kuitengeneza, uje.

Mdogo wako,
mwenye kucha nyeusi.