Sikio la Mama

Jumanne. Joto limenikaba tangu asubuhi, na mawingu yamejikusanya juu ya Mnazi Mmoja bila kumwaga hata tone. Duka la vitenge nimelifungua saa sita badala ya saa mbili. Nilikuwa kwa daktari wa masikio.

Walinifungia kwenye kichumba, wakanivalisha hedifoni, wakaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nikakaa nasubiri mlio uanze.

Kumbe ulishaanza zamani.

Daktari ni kijana mpole. Aliniuliza kama kuna mtu kwenye familia asiyesikia. Nikamwambia, mama yangu.

"Basi hali hii ni ya kurithi, dada," akasema. Masikio yote mawili, na usikivu utaendelea kupungua. Vifaa vitanisaidia kusikia watu wakiongea. Nikamuuliza, na kuimba je? Akainamia karatasi yake.

Mama ndiye aliyenipa muziki. Alinifundisha sauti ya pili mle mle dukani Kariakoo, mimi nimekaa juu ya majora ya vitenge, yeye anakunja. Yeye anashika ya kwanza, mimi ya pili. Nikiteleza ananifinya, tunaanza upya. Sijawahi kupenda kitu kama nilivyopenda pale sauti zetu zilipokutana. Hata ndoa yangu sikuipenda hivyo, Mungu anisamehe.

Alipofika miaka arobaini na kitu akawa anaanzisha nyimbo za kwaya yetu juu mno. Wanakwaya wakawa wanatazamana. Akaacha mwenyewe, kabla hajaambiwa. Sasa hasikii hata honi.

Mwezi uliopita mwalimu wa kwaya alinihamishia mwisho wa mstari. Sikuuliza sababu.

Mchana nimepanda kwa Mama ghorofani, Mchafukoge. Huwa tunaongea kwa daftari: mimi naandika, yeye anajibu kwa mdomo, kwa sauti kubwa mpaka majirani wanajua habari zetu zote. Nikaandika: Daktari anasema na mimi ninayo.

Akasoma. Akavua miwani, akaivaa, akasoma tena.

"Nilijua," akasema. Leo alinong'ona, sijui aliwezaje. "Tangu Pasaka nakuona unageuza shingo watu wakiongea. Nikajifanya sioni. Nilidhani nimekupa kuimba tu, mwanangu."

Nilitaka kuandika kwamba siyo kosa lake. Kalamu ilikuwa mkononi.

Sikuandika. Kuna upande wangu uliotaka aumie, na hilo ndilo linalonitesa kuliko majibu ya daktari.

Jioni binti yangu Nuru, wa miaka saba, amerudi shule akiimba tangu kwenye ngazi. Amenivuta kanga: "Mama, nifundishe ile sauti yako ya chini, na mimi niingie kwaya ya watoto."

Nimemwambia nimechoka. Hakununa. Amekaa chini kwenye sakafu, akaanza kuitafuta mwenyewe. Nusu ameipata, hajafundishwa na mtu. Nusu amekosea. Nimesikia wazi alipokosea, hilo bado naliweza, nikauma midomo. Amerudia, akarudia, akanitazama usoni kuona kama amepatia. Nikajifanya nakunja nguo. Mwishowe akanyamaza.

Nilifikiri nikimnyima hiyo sauti nitakuwa nimemwokoa na uchungu huu. Sasa nyumba iko kimya na najiuliza kitu kimoja tu: nikimkataza kuimba, masikio yake yatasalimika?