Safu ya Soda

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Wilaya ya Ilemela, Mwanza
Tarehe 16 Mei 2025, saa 3:40 asubuhi

Jina: Revocatus Kashindye Chenge
Umri: Miaka 78
Kabila: Msukuma
Dini: Mkristo
Kazi: Mstaafu, aliyekuwa karani wa mahakama ya mwanzo
Makazi: Mawe Matatu, Pasiansi
Uhusiano na mtuhumiwa: Babu yake, mzaa baba

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza yafuatayo kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, na nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa.

Naishi Mawe Matatu tangu mwaka 1983. Kabla ya hapo niliishi sehemu tatu, na hakuna hata moja niliyoiacha kwa kupenda. Mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, tulitolewa kando ya ziwa upande wa Magu tukapelekwa ndani, kilomita kumi na moja kutoka majini. Mlango wa nyumba ya baba yangu ulitazama ziwa. Ile tuliyojenga huko tulikopelekwa ilitazama barabara, kwa sababu zote ziliamriwa kutazama barabara. Afande ameniuliza kama hili linahusu shauri. Linahusu, kwa kuwa ndilo lililonifanya nifurahi mtuhumiwa, mjukuu wangu Modesta, alipochagua masomo yake.

Modesta ni binti wa mwanangu Yeremia, ambaye ni marehemu. Ana miaka 24. Nimemlea tangu akiwa darasa la tatu. Yuko mwaka wa mwisho wa shahada ya pamoja ya sheria na uendelezaji milki, katika chuo ambacho jina lake limo ndani ya jalada. Ni masomo ya miaka mitano. Wanasoma mikataba na sheria ya ardhi, na papo hapo wanasoma kuthamini viwanja, kupanga majengo na kutafuta wawekezaji. Likizo yake ya kwanza nilimuuliza kwa nini mambo hayo mawili yamewekwa pamoja. Alinijibu, "Babu, wanaojua sheria hawajui kujenga, na wanaojenga hawajui sheria. Hapo katikati ndipo watu wanapoumia." Jibu hilo nililipenda. Nilimweleza kwamba mwaka 1974 lori lilikuja na hakuna aliyetusomea karatasi yoyote, nikamwambia asome ili lori likija tena awepo mtu wetu wa kuuliza karatasi iko wapi.

Mwezi Februari mwaka huu alirudi Mwanza kufanya mafunzo kwa vitendo katika kampuni inayoitwa Ufukwe Mpya, ambayo meneja wake ni Bwana Venant Bulugu. Alikaa kwangu. Alisema anaandika pia utafiti wa kumalizia shahada, kuhusu historia ya umiliki wa ardhi kwenye makazi yasiyopimwa ya kando ya ziwa, na akaomba nimkusanyie majirani.

Mnamo tarehe 8 Machi 2025, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, tulikutana uani kwa Bi Getruda Masanja, jirani yangu ambaye ndiye mlalamikaji. Tulikuwa watu kumi na tisa, mmoja kwa kila kaya. Modesta aliuliza nani alifika mwaka gani, alimkuta nani, makaburi yako wapi, mipaka ni ipi. Watu walieleza vizuri, wengine kwa Kisukuma, naye akaandika. Hakusema neno lolote kuhusu kuhama wala kuhusu mradi. Kikao kilikwisha saa sita na robo.

Naomba nieleze kuhusu mahudhurio, maana kosa letu liko hapo. Tangu enzi za mradi wa vyandarua hadi ule wa vyoo, kila mgeni anayetuita kikaoni huja na karatasi ya mahudhurio na kreti za soda. Kusaini ni heshima. Asiyesaini anaonekana ana kinyongo na mwenyeji. Mimi nimekuwa karani miaka ishirini na sita, na siku hiyo nilisaini kama wenzangu, kwa sababu karatasi ilishikwa na mjukuu wangu.

Karatasi ilikuwa na safu tano: namba, jina, simu, saini, na ya mwisho iliandikwa "Soda". Aliyepewa soda aliweka tiki. Bi Getruda alisema, "Mjukuu, andika yangu Fanta, na iwe ya baridi. Wale wa vyoo walituletea ya moto kama uji." Mzee Masele, ambaye nyumba yake iko juu ya mwamba, alisema, "Mimi nimeeleza historia ya baba na ya babu. Hizo ni tafiti mbili. Lete Mirinda ya pili." Watu walicheka. Modesta naye alicheka, akampa, na Masele akaweka tiki mbili. Mimi nina sukari, kwa hiyo sikunywa. Niliweka alama ya X kwenye safu hiyo, nikanywa maji ya Bi Getruda.

Mnamo tarehe 12 Mei 2025, Jumatatu, saa mbili asubuhi, Bi Getruda alikuja kwangu na bahasha. Hakukaa. Alisema, "Baba Yeremia, nisomee hii, macho yangu yamekataa." Macho yake hayana tatizo. Alikuwa amekwisha kuisoma.

Ndani mlikuwa na notisi ya kampuni ya Ufukwe Mpya ikitutaka tuondoke ndani ya siku thelathini, kupisha ujenzi wa hoteli na nyumba za kupangisha. Iliambatishwa nakala ya muhtasari wa kikao cha tarehe 8 Machi. Muhtasari ulisema wakazi wa Mawe Matatu walikutana kujadili kuachia eneo, kwamba eneo halina makaburi wala makazi ya kudumu, na kwamba kumi na wanane waliridhia na mmoja hakuridhia. Nyuma yake palikuwa na karatasi ya mahudhurio. Majina yalikuwa yetu, saini zetu. Safu ya mwisho haikuandikwa "Soda". Iliandikwa "Nimeridhia".

Mtu mmoja ambaye hakuridhia nilikuwa mimi. X yangu ilikuwa pale. Masele alikuwa ameridhia mara mbili.

Nilimwambia Bi Getruda kwamba zile tiki ni za soda. Alinitazama akasema, "Najua nilikunywa nini. Nauliza wewe ulijua nini." Nilimwambia sikujua. Aliniachia bahasha akaondoka. Ana mume na watoto wawili waliozikwa nyuma ya jiko lake, na Modesta mwenyewe alisimama kwenye makaburi hayo tarehe 8 Machi akiandika tarehe za vifo.

Siku hiyohiyo, saa tano asubuhi, niliingia chumba anacholala Modesta. Yeye alikuwa kazini. Kwenye jalada lake la utafiti nilikuta karatasi halisi ya mahudhurio, yenye wino wa bluu na neno "Soda". Ilikuwa imebanwa pamoja na kipande chembamba cha karatasi chenye neno "Nimeridhia", kilichokatwa kwa mkasi kwa upana uleule wa safu. Kilikuwa kimekatwa kwa uangalifu sana, ili kikiwekwa juu ya "Soda" na kutolewa nakala kisionekane. Nilikaa kitandani. Ni mimi niliyemfundisha kukata karatasi kwa kutumia rula, akiwa mdogo, tulipokuwa tunayawekea madaftari yake majalada.

Alirudi saa kumi na nusu jioni. Nilimwekea vitu vyote viwili mezani. Alivitazama, kisha akaenda kunawa mikono kwanza.

Nilimuuliza nani alifanya kazi hii. Alisema, "Bwana Venant alitaka muhtasari, Babu. Nikimaliza ananiajiri. Mradi ungepita tu, niwepo nisiwepo."

Nilimuuliza kuhusu makaburi. Alisema makaburi yakiandikwa, mradi unachelewa mwaka mzima.

Nilimuuliza kwa nini aliacha X yangu wakati alikuwa na mkasi mkononi. Nilidhani atasema alitaka kunilinda. Alisema, "Muhtasari ambao watu wote wamekubali unatiliwa shaka. Unahitaji mpinzani mmoja, hata mahakamani unasimama. Na wewe ukibaki mpinzani, kiwanja chako kinazungumziwa peke yake. Uko salama, Babu."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mwanafunzi anayejibu swali analolijua. Naomba liandikwe hivyo. Nimesikia wezi wengi wakihojiwa mahakamani, na wengi wao walikuwa na haya kidogo. Chakula alichopika siku hiyo sikukila, na tangu siku hiyo sijala alichoshika.

Mnamo tarehe 14 Mei 2025, Jumatano, saa tatu asubuhi, Bwana Venant alikuja nyumbani kwa gari jeupe. Aliniita mzee wetu. Alisema, "Mzee wetu, wewe ulipinga na sisi tumekuheshimu. Ile karatasi ni mali ya utafiti wa binti, irudishe kwa mwenyewe, mambo yaishe kifamilia." Nilimuuliza kama anajua Mzee Masele aliridhia mara mbili. Hakujua nasema nini. Hakuwa ameisoma. Alitaka kuhamisha kaya kumi na nane kwa karatasi ambayo hakupata hata muda wa kuitazama. Nilimwonyesha mlango.

Baada ya gari kuondoka Modesta alitoka chumbani akapiga magoti. Alisema, "Babu, nimebakiza miezi sita. Ukiipeleka, chuo kitanifukuza, na hakuna atakayenipokea, si kwenye sheria, si kwenye milki. Miaka mitano yote. Ichome tu. Nitamwambia Venant nimeghairi." Nilimuuliza, akighairi, nakala zilizoko kwenye kampuni zitaghairiwa na nani? Anajua jibu, amelisomea. Bila karatasi halisi, kilichobaki duniani ni saini zetu kumi na tisa chini ya neno ambalo hatukulisaini.

Afande ameniuliza kama nimeshawishiwa na mlalamikaji. Hapana. Bi Getruda hajanisemesha tangu Jumatatu. Afande ameniuliza pia kama nina ugomvi na mjukuu wangu. Sikuwa nao. Nilikuwa nikimtaja kwa watu pasipo kuulizwa, hadi kanisani.

Leo saa tatu kasoro dakika kumi nimekabidhi hapa kituoni karatasi halisi ya mahudhurio, kipande chenye neno "Nimeridhia", na nakala ya muhtasari. Nimevitoa ndani ya nyumba yangu kwa mkono wangu. Naweza kuitambua X yangu mahakamani, na naweza kueleza niliweka kwa sababu gani. Siku thelathini za notisi zinaisha mwezi ujao, kwa hiyo naomba kazi isicheleweshwe.

Niliyoyaona na kuyasikia yameishia hapa. Nimeyasoma mwenyewe, sina la kupunguza, nami nasaini.

(Saini) R. K. Chenge

MAELEZO YA AFISA: Nimeandika maelezo haya kuanzia saa 3:40 hadi saa 5:15 asubuhi. Shahidi aliyasoma mara mbili. Kabla ya kusaini aliomba nafasi zote zilizobaki wazi kwenye kila ukurasa zikatwe kwa mstari. Zimekatwa mbele yake. Vielelezo vitatu vimepokelewa na kupewa namba. Kwa kuwa mtuhumiwa alikuwa kwenye benchi la mapokezi akisubiri kuhojiwa wakati shahidi anatoka, naandika kilichotokea kati yao: mtuhumiwa alisimama akamwamkia shikamoo mara mbili. Shahidi hakuitikia.

(Saini) WP Koplo Evelina Misungwi