Kompyuta ya Baba Haijachoka

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mzito kidogo, ingawa mwili ni mzima. Je, kile kikohozi kimekuachia? Sisi hapa tunaendelea. Baba naye hajambo, ni goti tu linalomsumbua akipanda ngazi. Nimeamua kukuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zetu hupokei tangu ulipogombana na baba, na barua haina kitufe cha kukatia.

Ugomvi wenyewe naukumbuka neno kwa neno. Baba alisema kompyuta yake inajikokota, imezeeka kumpita yeye, na kwamba wewe ndiye uliyeiua kwa kuiwekea huo mfumo huria wako wa kuendeshea kompyuta, usiouzwa hata senti. Akakuita Bwana Bure mbele ya wageni. Nawe ukajibu kwamba hutagusa kitu chake tena. Miezi minane sasa. Kumbukumbu zake za miaka ya upimaji ardhi zimesimama kwenye ukurasa wa sitini, na kila akifungua mashine anakutaja, kisha anaifunga.

Mwezi uliopita ndipo alipokubali niichukue, nikaipeleka kazini, kwenye meza yangu ya kutengenezea iliyo karibu na dirisha. Unajua ninavyozipenda saa zile za mchana, mwanga umelala juu ya meza, vumbi linaelea polepole, nami nasahau hata kula. Nilianza na joto, maana prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikipata joto hujipunguzia kasi isije ikaungua. Nikasafisha feni, nikabadilisha ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na chuma chake cha kupozea. Haikuwa na homa hata kidogo. Nikafikiria chaja, kwa kuwa mashine isipoiamini chaja yake nayo hujibana. Chaja ilikuwa nzima. Hata hivyo prosesa inayoweza kufika kasi ya megahezi elfu tatu ilikuwa imekwama kwenye mia nane, imetulia tuli, kama mtu anayetembea kwa kunyata.

Basi nikafungua orodha ya mambo ambayo mashine huamriwa kuyafanya kila inapowashwa. Humo nikakuta faili dogo, mistari miwili tu, lenye amri ya kuizuia prosesa isipite mia nane. Jina la faili lilikuwa mama-amelala.

Kaka, faili lile nililiandika mimi, ndani ya huo huo mfumo wako. Unakumbuka kitanda cha mama kilivyohamishiwa sebuleni wakati wa ugonjwa, baba akawa anaandika pale pale ubavuni asimwache peke yake. Feni ilikuwa ikivuma kama mashine ya kusaga, na mama akaniambia kwa upole kwamba inamfukuzia usingizi wa mchana. Nikaibana kasi, feni ikanyamaza, akalala. Alipotutoka, nikasahau. Miaka miwili mashine imeamka kila asubuhi ikiamini mama bado amelala.

Kinachoniuma zaidi si kusahau. Nilipolifuta faili, feni ikaanza kuvuma, machozi yakanitoka mbele ya wateja, nikalirudisha, na mashine nikamrudishia baba vile vile. Wiki tatu nimelificha, huku nikimwacha baba aendelee kukulaumu wewe. Nisamehe, kaka.

Jana nilimweleza baba yote. Akaniomba nilifute yeye akisikia. Feni ilipoanza, akasema kumbe Bwana Bure hakuwa na kosa. Ila akaomba kuanzia saa nane hadi saa kumi mchana kasi ibaki ile ile ya mama, nami nimeshapanga hivyo. Sasa anakuandikia barua ya kukuomba radhi, kwa kidole kimoja, kwa hiyo kasi hiyo mpya haitamsaidia sana.

Nisalimie wifi, na wanangu uwaambie shangazi anawakumbuka. Na ukiona huwezi kuingoja barua ya baba, mpigie simu. Mpigie wakati wowote, isipokuwa saa nane hadi saa kumi. Saa hizo hapa nyumbani tunanyamaza.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba