Kioo cha Mwisho Kituoni

London, Oktoba 1939

Kaka Leonard mpendwa,

Mama hajambo, na kuku wameanza kutaga tena. Je, jua la Misri linawachoma sana jeshini? Huku, ule ukumbi wa duara wa kituo chetu cha treni, uliokuwa ukijaa mwanga mpaka juu kwenye paa la zege, sasa ni giza mchana kutwa. Vioo vya madirisha vinapakwa rangi nyeusi ili ndege za Wajerumani zisione taa.

Kazi hiyo alipewa Baba, kwa kuwa ndiye aliyevipachika kituo kilipojengwa. Alipaka huku akinung'unika, "Niliviweka vilete mwanga, leo mimi mwenyewe navifumba macho."

Kilipobaki kimoja, ngazi iliteleza. Mama alitaka nikuandikie kwamba Baba anaendelea vizuri. Kaka, tulimzika Jumanne.

Jana nikapanda mimi. Mkuu wa kituo akapiga kelele, "Shuka, Edna! Unataka mama yako azike wawili?"

"Nishikie ngazi, bwana. Kazi ya Baba haimaliziwi na mgeni."

Kwenye vumbi la kile kioo niliona alama za vidole vyake. Nilizitazama mpaka mkono ulioshika brashi ukachoka, kisha nikazipaka rangi.

Mdogo wako,
Edna